Nilijenga Shemine Fupi, Shemeji Yangu Akaitwa Murozi

Mimi ni mukosaji. Nalisema mbele, kabla hujaanza kunihurumia. Papa yangu alikufa kwa kazi ya mikono yangu, na muke asiye na kosa akabeba jina baya la murozi, muchawi wa sumu, kwa sababu ya mudomo wangu. Jina langu sitaliandika. Watu wa kwetu Masisi watanijua tu, na wanijue!

Sogea karibu nikueleze, wewe unayesoma. Padri nimekwisha kumuambia, lakini kitu hiki hakijatoka kifuani.

Kazi yangu ni ufundi wa matofali. Vita ya wazungu ilipokwisha nilipata kazi kwa muzungu mumoja wa mashamba ya pareto, kule juu ambako baridi inauma mpaka kwenye meno. Huko njo nilijifunza kujenga shemine, lile jiko la ukutani lenye bomba la matofali linalopanda mpaka nje ya paa.

Yule muzungu alikuwa mukali, lakini alieleza vizuri. Alisema moto unavuta hewa ya nyumba, hewa ikipata joto inapanda na kubeba moshi. Kwa hiyo bomba lipite kichwa cha paa. Likiwa fupi, upepo unaoshuka toka mulimani utausukuma moshi urudi ndani.

Akaniambia neno lingine, akininyooshea kidole. "Makala, haya makaa meusi ya kuni, haina moshi, lakini hewa yake inaua. Muntu hasikii harufu, hasikii kitu. Anasinzia tu."

Maneno yote mawili niliyashika. Kumbuka hivyo. Sikukosea kwa kutojua!

Nina mudogo wangu wa tumbo moja, nitamuita Anselemi. Yeye alisoma, akapata kazi kwenye dispansere, akivaa nguo nyeupe. Mimi nilibaki na Papa kulima. Shamba letu la kilimani, udongo mweusi, maharagi yanaota hata ukiyatupa, nililima mimi tangu kijana. Siku Papa alipogawa ardhi, lile shamba akamupa Anselemi.

"Wewe iko na ufundi kwenye mikono," Papa aliniambia. "Muntu wa ufundi halali njaa. Huyu iko na kalamu tu."

Nikajibu, "Ndiyo, Papa." Lakini moyoni, ee Mungu wangu! Nilikuwa nawaka.

Anselemi alioa dada mumoja wa Walikale, toka upande wa Pinga, jina lake Felisita. Muke wa kazi, mwenye kucheka haraka. Watu wetu hawakumupenda sana. Walisema watu wa pori wanajua majani mengi. Na kwa kuwa hakuwa bado amebeba mimba, maneno yaliongezeka. Yeye aliendelea kusalimia kila muntu.

Basi Anselemi akajenga nyumba pale kilimani, matofali na mabati. Nyumba za wazee wetu zilikuwa za majani. Moto unakaa katikati, moshi unapenya majani polepole, joto linabaki na watu. Nyumba ya mabati si hivyo. Baridi inashuka toka juu kama maji, na ukifunga dirisha la mbao, nyumba haina pa kupumulia. Kwa hiyo Anselemi alitaka shemine.

"Kaka, unijengee kama ile ya muzungu wako," alisema.

Nilimujengea. Matofali nilipanga vizuri, mudomo wa shemine niliupamba hata watu wakaja kuangalia. Lakini bomba nililikata chini ya kichwa cha paa, upande ule ule upepo wa mulima unaposhukia.

Anselemi alisimama uwanjani, akaangalia juu. "Kaka, haiko fupi?"

"Udongo wetu unatetemeka," nilimujibu. "Ukiweka ndefu, siku moja itaanguka juu ya mabati."

Akaniamini. Nilitaka moshi tu! Naapa, nilitaka walie machozi ndani ya nyumba yao nzuri, juu ya udongo wangu. Sikutaka kifo.

Moshi ulirudi kama nilivyopanga. Anselemi akaja kuniita. "Kaka, uje uangalie ile shemine. Macho ya bibi yangu Felisita yamevimba." Nikamuambia nitakuja kazi ya pareto ikipungua. Akaja tena, nikamuambia vile vile. Akigeuka kuondoka, mimi nacheka.

Kisha Papa akaanza kukohoa na kulalamika baridi ya uzee. Hakuhamia kwangu. Alihamia kwa Anselemi, kwenye moto wa ukutani. Hiyo nayo iliniuma.

Dominika moja, tukitoka misa, Felisita akanikimbilia njiani. "Shemeji, shida yetu imekwisha! Tumeacha kuni, tunaweka makala. Moshi hakuna hata kidogo, na muzee anapata joto."

Nikakumbuka neno la pili la yule muzungu. Bomba lile lilikuwa linarudisha kila kitu ndani, na sasa wameondoa moshi tu. Kitu kile kingine kimebaki, kisichoonekana.

Nilifungua mudomo. Nikafikiri: nikisema makala inaua, watanirudisha juu ya paa, wataona nilichofanya. Nikasema tu, "Mufungue dirisha kidogo."

"Na baridi hii? Papa atatetemeka!" Akacheka. Kisha akashika kipaji cha uso. "Lakini ile nyumba inaniuma kichwa, shemeji. Nikitoka nje kinatulia. Nikiingia kinarudi. Shemine iko sawa kweli?"

"Iko sawa," nilimuambia.

Iko sawa! Maneno mawili. Nikaenda nyumbani nikala chakula changu.

Siku za ukungu zikaingia. Kila nikiamka niliangalia kilima kile. Bomba halikutoa kitu chochote, nyumba imekaa kimya na dirisha limefungwa, na mimi najua kuna moto ndani. Niliwaza, leo nitaenda. Jua likitua nilikuwa sijaenda.

Muchana mumoja ikanyesha mvua ya mawe, mashamba yakawa meupe. Anselemi alikuwa kazini. Felisita alikuwa amemupa Papa uji wa maziwa, akamusogeza karibu na makala, akafunga dirisha na mulango, akakimbilia jiko la nje kupika maharagi. Mawe ya mvua yakamufungia kule. Yalipokwisha akaingia ndani, akapiga kelele iliyofika mpaka kwangu.

Nilikimbia. Nilimukuta amepiga magoti mulangoni, anatapika. Papa alikuwa kwenye kiti chake, kichwa kimelala begani, bakuli ya uji iko mapajani. Midomo yake ilikuwa myekundu, kama ya muntu muzima aliyetoka kucheza. Ilitisha kuliko ingekuwa myeupe.

Unajua nilifanya nini kwanza? Sikumugusa Papa. Nilifungua dirisha!

Jirani mumoja muzee, aliyeingia nyuma yangu, akauliza, "Unafanya nini?"

"Nafungulia roho yake njia," nilisema. Watu waliomufuata wakaitika kwa kichwa. Walisema mutoto mukubwa iko na heshima.

Kabla hatujamuzika Papa, maneno yalikuwa yamekwisha kupangwa. Uji alipika nani? Felisita. Nani alikuwa naye? Felisita. Na kwa nini alitapika? Ameonja sumu yake mwenyewe! Jamaa wakakaa uwanjani, wanaume kwenye viti, yeye chini kwenye mukeka. Anselemi aliangalia udongo tu.

Felisita hakulia. Aligeuka akaniangalia mimi.

"Shemeji, wewe njo ulijenga. Nilikuambia ile nyumba inaniuma kichwa. Useme mbele yao. Ule moto haukuwa na kitu?"

Kila muntu akanigeukia. Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Moja!

"Moto ni moto," nilisema. "Mimi najenga tu."

Walimurudisha kwao. Aliondoka na kitenge chake na kikapu, kwa miguu, njia ya pori. Watoto walimufuata mpaka mutoni wakiimba "murozi, murozi". Anselemi alikuwa amejifungia chumbani. Mimi nilisimama kando ya njia. Alinipita bila kunitazama, na hiyo ilikuwa haki yangu.

Ukidhani mambo yaliishia pale, ngoja. Baridi haikwisha, na Anselemi alibaki peke yake ndani ya ile nyumba, akiwasha makala ile ile. Kwa nini aache? Papa alikufa na sumu, kila muntu anajua! Uongo wangu ulikuwa unakaa naye ndani, mulango umefungwa.

Nilibeba matofali nikaenda. "Nataka kuinua shemine," nilisema. "Iwe ukumbusho wa Papa." Nikapanda, nikaiinua mpaka ikapita kichwa cha paa. Nikamukataza makala, nikamuambia Papa hakuipenda. Anselemi alinishika mikono akalia. "Kaka, sina muntu mwingine, iko wewe tu."

Toka siku ile shemine ilivuta vizuri. Kila asubuhi moshi ulisimama wima juu ya kilima, Masisi yote inauona. Hakuna aliyeuliza kwa nini zamani haukusimama hivyo. Mimi nikageuza kiti changu nisiuone.

Kazi ikaanza kunikimbia, ao tuseme mimi niliikimbia. Nikiitwa kujenga, nasema niko mugonjwa. Komunyo niliacha. Bibi yangu akiniuliza, namufokea.

Miaka ikapita, kisha muchuuzi mumoja wa chumvi, aliyekuwa ametoka Pinga, alikaa kwetu akisimulia habari za njiani. Akasema kule kuna muke ambaye hakuna anayepokea hata maji toka mukononi mwake. Aliua muzee Masisi, wanasema. Mwenyewe bado kijana, lakini anakaa pembeni ya kijiji kama mugonjwa wa ukoma.

Nilikwenda. Njia ni mbaya, pori linakufunga pande zote na joto lile la bonde linakunyima hewa. Nilimukuta nje ya nyumba ndogo ya majani, anatwanga. Alikuwa amekonda. Alinijua mara moja, akaweka mutwangio chini.

"Shemeji," alisema. Bado aliniita shemeji!

Nilipiga magoti kwenye vumbi nikamueleza yote: bomba, upepo, makala, dirisha. Jirani zake walikuwa wamesogea wanasikiliza, na sikuwafukuza. Hakunikatiza.

"Nilijua ni ile nyumba," akasema. "Nilifikiri labda na wewe hukujua. Njo maana sikukulaani."

Akaingia ndani, akatoka na sahani ya ndizi na sombe, yale majani ya muhogo, akaiweka mbele yangu. "Umesema mimi si murozi. Basi kula, waone."

Nikanyoosha mukono.

Ee jamani! Mukono ulisimama. Mimi, muntu wa pekee duniani aliyejua kwamba huyu hana sumu, mukono wangu ulisimama juu ya sahani yake! Nilikuwa nimeusikiliza ule uongo miaka yote, ukaingia mpaka kwenye vidole. Ao niliogopa alipe kisasi. Sijui. Ilikuwa muda wa kuvuta pumzi tu, kisha nikala, nikala yote, nikalamba vidole.

Lakini waliona. Na yeye aliona.

"Hata wewe," alisema polepole. Akachukua sahani, akaenda kuiosha.

Nilirudi Masisi nikasema yote mbele ya Anselemi na jamaa wale wale waliokaa uwanjani. Hakunipiga. Ningependa anipige. Aliuliza tu, "Ulicheka, siku zile nilikuja kukuita?" Nikasema ndiyo. Akaondoka.

Alikwenda Pinga kumuomba Felisita arudi. Alirudi peke yake. Walichoongea hajanieleza, maana hanisemeshi tena. Tukikutana njiani anashuka shambani mpaka nimepita. Jamaa wengine wanasema nilimutetea Felisita kwa sababu na mimi nimerogwa. Unaona? Uongo nilioulisha umekua, haunihitaji tena.

Basi, ndugu yangu unayesoma, ao dada, usifanye kama mimi. Wivu ukikushika, mugombane na mwenzako muchana peupe, usiuweke ndani ya kazi ya mikono yako. Ukijua neno linaloweza kumuokoa muntu, liseme siku ile ile, hata likikuvua nguo. Likichelewa, linakuwa habari tu.

Na wewe unayehamia nyumba ya mabati, usilale na makala ndani umefunga. Ukiona kichwa kinakuuma ndani na nje kinatulia, toka, toa na wazee na watoto! Usingoje fundi akuambie nyumba iko sawa. Huyo fundi anaweza kuwa muntu kama mimi.