Mkate wa Lango la Hekalu

Kila asubuhi, kabla ya kuondoka langoni, Sabina aliupima mkate wake kwa kiganja. Aliulaza juu ya mkono wa kushoto, akautikisa kidogo. Tangu mfalme aamuru watawa wapiganaji wa Hekalu wakamatwe, na watu wake walishike shamba lao, mkate ulikuwa umeingia weusi na kupungua. Hata hivyo ulikuwa wake. Aliununua kwa konde lake la malisho kando ya mto.

Alipofiwa na mumewe, shemeji zake walilizunguka konde lile kama nzi na kidonda. Akawawahi. Aliwapa watawa konde na nyumba, nao wakamwahidi kijumba ukutani pao, mkate, pombe na bakuli la mchuzi kila siku mpaka kufa kwake. Sharti lilikuwa apokee kwa mkono wake mwenyewe, maana wengine walikuwa wakiuza posho zao. Binti yake Idonea, wakati huo kigoli, aliuliza, "Na mimi je, mama?" Sabina alimjibu kwamba wafalme hufa, ila Hekalu halifi.

Idonea akaolewa mikono mitupu, mwendo wa siku mbili kutoka pale.

Asubuhi moja ya Kwaresima, Amice, wifi yake Idonea, alifika langoni akivuta punda, matope hadi magotini.

"Mama, mtoto amekaa vibaya tumboni. Mkunga anatikisa kichwa tu. Idonea anakutaka wewe."

Bawabu Gocelin, aliyewekwa na watu wa mfalme, alicheka.

"Nenda, bibi! Nani kakushika? Lango hilo, wazi."

"Nikirudi je?"

"Ukirudi utakuta jina lako limekutangulia peponi. Kwetu sisi asiyefika langoni ni maiti, na maiti hali. Muulize mzee Osbert."

Osbert, mpokea posho mwenzake, alikuwa ameshikwa na homa wiki iliyotangulia. Alipojikokota hadi langoni aliambiwa keshakufa. Waliokuwa kwenye foleni walicheka, kisha kila mmoja akautazama mkate wake.

"Nitampokelea mimi," Amice alisema kwa sauti ndogo. "Nibaki hapa, yeye aende na punda."

"Una mikono mizuri, dada. Lakini si yake. Haya, nani anafuata?"

Walitoka wakapita kando ya mto. Kondoo wa mabwana wapya walikuwa wakila majani kondeni, na Sabina akageuza uso. Kijumbani, Amice alitandika blanketi mgongoni mwa punda.

"Kwetu hakuna kingi, mama. Kaka anakata manyoya ya kondoo wa watu, na msimu bado. Ila tutakula tulicho nacho."

Sabina alilijua bakuli la nyumba ile bila kuliona. Alijua pia kwamba Idonea asingemwambia neno. Angemkatia sehemu yake, yeye aliyemnyima urithi, na angefanya hivyo kila siku mpaka mmoja wao azikwe. Alijifunga shali. Alikanyaga jiwe la mlangoni, akaishika shingo ya punda, mguu mmoja ukawa tayari umeinuka.

Ukabaki pale. Punda aligeuza kichwa kumtazama. Sabina alijiambia panda, panda wewe, mwanao yuko kitandani, na goti halikumsikia. Akaurudisha mguu chini. Alifungua shali, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya blanketi.

"Mtamfunikia mtoto."

Amice alisimama ameshika kamba. Alikuwa msichana wa haya, na kumsukuma mtu mzima hakuweza. Alitazama matope, akatazama barabara aliyoijia.

"Sasa nikifika, nimwambie nini?"

"Mwambie naogopa."