Majibu ya Kisima cha Macalder

Mimi kitu rahisi nakishuku, nimezaliwa hivyo. Ndiyo maana dada mmoja tuliyefanya naye kazi ofisini Homa Bay aliposema mfumo wangu wa kompyuta ni mzito bure, nilijua tu: huyu anaitaka nafasi yangu.

Kazi ilikuwa hii: maabara ikishapima maji ya visima vya Macalder, kule wanakosafisha dhahabu kwa zebaki, majibu yaende kwenye simu ya mtunza kisima. Nilifuata kanuni zote kubwa. Kila jibu nililifunga kwa kufuli za kompyuta, kama bahasha ndani ya bahasha, na sahihi, na saa ya kutumwa, na saa ya kuisha.

"Kaka, kipe kila kisima anwani yake mtandaoni," akasema. "Mtu anafungua, anasoma mstari mmoja, basi."

"Na yeyote akiusoma?"

"Kwani maji ya kisima cha watu ni siri ya nani?"

Nikamwambia aache mchezo.

Kisha simu moja ya Macalder ikawa haifungui majibu. Ahaa! Kuna mtu ameichokora. Nikafunga safari kwenda kumshika.

Nikamkuta mtunza kisima, bibi wa makamo ya nyanya yangu, nami nikamwita Dana kama tunavyowaita nyanya zetu. Akanikaribisha chai. Nikaikagua simu yake kama askari. Yangu ilionyesha 9:00 asubuhi, yake 3:00.

"Dana, nani ameharibu hii saa?"

"Imeharibika wapi, nyathina, mwanangu? Sasa si ni saa tatu?"

Lo! Alikuwa ameiweka kama sote tunavyoihesabu. Bahasha zangu ziliona saa hazilingani, zikagoma kufunguka. Kila siku zilifika, kila siku zikagoma.

Kwa shingo upande nikampigia yule dada. Haikuchukua muda akanitumia anwani. Dana akabonyeza, akasoma kwa sauti: "Zebaki imezidi. Msinywe."

Akageuka nyuma. Mjukuu wake alikuwa akichota maji mtungini.

"Hii mmeijua tangu lini?"

Nilitaka kudanganya, nikashindwa. "Siku tisa, Dana."

Aibu ilinichoma hadi masikioni. Yeye hakunigombeza. Aliinuka, akanipokonya kikombe cha chai mkononi, akaimwaga nje.

"Sisi tumeshakunywa," akasema. "Wewe usinywe."