Ukuta wa triplex niliopima kwa hatua, na mgeni aliyeuegemea

Wakuu, nawasalimu kutoka Mushaki. Haya yamenipata mimi mwenyewe, mzee wa miaka sitini na tisa, na sitapunguza aibu hata kidogo.

Ndugu wa kijana mmoja walikuwa wanakuja kumposa binti yangu Furaha. Kwetu, siku hiyo binti anakaa chumbani mpaka wageni waombe kumwona. Akionekana mapema, watu watasema wazazi wana haraka ya kumtoa.

Sasa nyumba yetu ya mbao ilikuwa chumba kimoja kirefu. Ajifiche wapi?

Nikaamua kuigawa: nguzo za mbao, halafu juu yake triplex, yaani plaiwudi. Mke wangu akashauri tuite seremala. Nikakataa. Nimemaliza sekondari, nimejenga nyua za ng'ombe maisha yangu yote, ukuta ndio unishinde?

Hapo ndipo nilipokosea, wakuu. Nguzo nilizipima kwa hatua, kama za uzio wa ng'ombe. Hatua moja, nguzo moja.

Triplex ina upana wake, haijui miguu yangu. Kingo zake zikaangukia katikati, mahali pasipo na nguzo. (Mafundi, naona mmeshaanza kucheka.)

Badala ya kuongeza nguzo, nikaongeza misumari. Mingi haikupata kitu nyuma. Nikafunika yote kwa rangi ya kijani.

Mke wangu akagonga kwa kidole. "Papa Furaha, huu ukuta iko nacheza."

Nikamjibu kwamba rangi haijakauka.

Siku ikafika. Msemaji wa wageni alikuwa baba mkubwa wa kijana, Papa Kambale, mfanyabiashara wa Butembo, mtu mwenye kilo zake. Akasema maneno mazuri sana juu ya subira. Akaketi. Akaegemea.

Misumari ilitoka kama kijiti kwenye bugali. Triplex ikalala chumbani, Papa Kambale juu yake. Mbele yake shangazi watatu waliokuwa wanasikiliza ukutani, wameruka nyuma, na Furaha, nywele zimesukwa nusu.



Ningeweza kusingizia mchwa. Lakini Furaha alikuwa ameanza kulia, na posa yake ilikuwa pale chini pamoja na mgeni. Nikasimama.

"Mutoto hana kosa. Ni mimi nilipiga misumari mu hewa. Mama yake alinikataza."

Furaha akajifuta machozi, akamshika mgeni mkono, akamwinua.

Papa Kambale akajipangusa. "Tulikuja kuuliza kama mutoto iko na roho muzuri. Sasa tumeona, tuendelee."

Wakakubaliana siku hiyohiyo. Ila waliweka sharti moja: nyumba ya watoto wataijenga wao.

"Wewe Papa, ukuje kukula," Papa Kambale akaniambia. "Nyundo ibakie Mushaki."

Seremala amekuja, ameongeza nguzo nne. Fundisho: nguzo zifuate upana wa triplex, si miguu yako. Na mke akigonga ukuta, sikiliza naye.

Haya, nani mwingine amewahi kuangusha mkwe? Andikeni hapa chini, nisicheke peke yangu.