Alisema Hajala

Kahaso wa Randu alikuwa na desturi moja ambayo hakuiacha maisha yake yote. Kabla ya kushika jembe alimenya ndizi mbivu mbili, akazila wimawima mlangoni, maganda akawatupia mbuzi. Ukimwuliza kama amekula, atakutazama kama mtu aliyetukanwa. Kula? Kula ni sima. Ndizi, uji, muhogo wa kuchemsha, hivyo ni vya kupoza tumbo tu.

Alifika kijiji cha Wema, kando ya mto, akiwa bibi harusi kutoka upande wa kusini, akafyeka kichaka kwa mikono yake, akalea watoto watano kwa mpunga na maembe. Mto ulipofurika ukafagia shamba, alipanda upya. Ukafurika tena, akapanda tena. "Mto hauna adabu," alikuwa akisema, "na mimi sina haya."

Kilichomshinda ni ngiri ya kitovu. Alipofika miaka sitini na sita, kitindamimba wake Zipporah, fundi cherehani mjini Garsen, alimpeleka hospitali moja ya binafsi apasuliwe. Jana yake aliambiwa asile kitu, naye hakula: sima hakuigusa. Lakini alfajiri alifungua pindo la leso akatoa ndizi zake mbili. Mwaro, mtaalamu wa dawa ya usingizi, alimwuliza swali moja tu.

"Mama, umekula?"

"Sijala."

Mwaro akaandika: hajala. Kahaso akiwa usingizini, ndizi zilipanda kooni zikaingia mapafuni. Hakuamka.

Zipporah alilia siku saba. Ya nane alikwenda kudai faili. Akalisoma, akaliona lile neno moja, na tangu hapo hakutaka rambirambi ya mtu. Kila Ijumaa alivaa nguo nyeusi, akasimama ng'ambo ya barabara kulielekea dirisha la Mwaro, asiseme neno, mpaka Mwaro amwone na kushusha pazia. Ndipo aliporudi kwenye cherehani yake. Alifanya hivyo miaka miwili, huku malalamiko aliyoyaandika dhidi ya Mwaro yakisukumwa kutoka meza hadi meza.

"Zipporah, we unataka damu ya mtoto wa watu?" aliuliza Kadra, muuza maziwa wa kibanda cha pili.

"Damu nitaipeleka wapi? Nataka leseni yake. Asimlaze mtu mwingine. Aje auze maziwa na wewe."

"Aa, wangu wateja nawapenda! Na maziwa akiyalaza yeye, nani atayaamsha?"

Kadra alicheka peke yake.

Jopo la nidhamu lilipoketi, wakili wa hospitali na wa Mwaro, Bwana Johnson, alisimama akiwa ametulia kama mtu aliyekwisha kushinda.

"Marehemu aliulizwa, akasema hajala. Kama alidanganya, mteja wangu ana kosa gani?"

Neno *alidanganya* lilimchoma Zipporah kuliko msiba wenyewe. Akaomba ruhusa ya kuuliza. Akapewa.

"Mwaro, kwenu ni wapi?"

"Wema."

"Lugha ya nyumbani?"

"Kigiriama, kama yenu."

"Mamako akila ndizi asubuhi, kisha ukamwuliza kama amekula, atakujibuje?"

Wakili akainuka kupinga. Mwenyekiti akampungia mkono aketi. Mwaro alitazama vidole vyake.

"Atasema hajala."

"Hilo ulilijua tangu lini?"

"Tangu utotoni, dada."

"Usiniite dada. Kwa nini hukumwuliza ameweka nini mdomoni?"

Mwaro akamgeukia wakili. Zipporah hakumsaidia. Alibaki amesimama, akaliacha lile swali limle mbele ya watu wote.

Leseni ilifutwa. Barua ilipokuja, Zipporah aliisoma kwa sauti mara tatu, kisha akaibandika ukutani juu ya cherehani, wateja waione. Wazee wa Wema walipomtumia ujumbe kwamba kijana ameomba kuja kuomba radhi, aliwajibu aende akaombe kaburini.

Kuna jambo moja tu ambalo hakulieleza jopo wala Kadra. Asubuhi ile, mlangoni mwa chumba cha upasuaji, alikuwa akimfokea Mwaro kwa kuwachelewesha, kabla lile swali moja halijaulizwa. Mama yake, amelala juu ya kitanda cha magurudumu, alimvuta nguo.

"Wacha kumfokea, mwanangu," alisema. "Huyu ni mwana wa kwetu. Nikisema, ataelewa."