Mama Yangu Ndani ya Miwa

Kitabu kile kilinukia nyumba ya watu. Kilinukia sabuni ya kuogea, maziwa ya unga na dawa ile nyeupe inayowekwa kabatini kufukuza mende. Mimi nilizoea harufu ya moshi wa jikoni kwa Kukhu, nyanya yangu, kwa hiyo nilikuwa nikikifungua na kuingiza pua katikati ya kurasa kabla hata ya kutazama picha. Mama alikileta kwetu kijijini Kabuchai Krismasi moja, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wakati elimu ya msingi ilikuwa imetoka tu kufanywa ya bure na kila mtoto kijijini alikuwa akitishiwa shule au kuahidiwa shule, kulingana na tabia yake. Mama alikuwa yaya mjini Kitale, katika nyumba ambayo sikuwa nimewahi kuiona. Mtoto aliyemlea alikuwa rika langu, na vitu alivyovichoka ndivyo vilivyonifikia: sweta, viatu, mwanasesere wa jicho moja, na sasa kitabu.

Kilikuwa kitabu cha kuchekesha. Ndama anakwenda shule kwa mara ya kwanza, tai yake inaburuta chini na mkoba ameufunga mkiani. Mwalimu ni punda mzee mwenye miwani. Ndama anakula daftari lake, kisha anakula la bata aliyekaa naye, halafu anaulizwa swali na hawezi kujibu kwa sababu mdomo umejaa hesabu. Lakini kichekesho chenyewe kilikuwa mama yake. Ng'ombe huyo anamuaga mwanawe langoni, anajifanya anakwenda zake, kumbe amejibanza nyuma ya ua. Katika kila ukurasa ukitazama vizuri unaziona pembe zake, mara juu ya ua, mara dirishani, mara nyuma ya tangi la maji. Ndama haoni kitu. Maneno yalikuwa ya Kiingereza na Mama hakukijua sana, basi alijitungia yake, leo hivi, kesho vile, na Kukhu alicheka akishika mbavu. "Huyu ng'ombe ni wa aina gani, hana kazi kwao?" alikuwa akiuliza.

Nilicheka pamoja nao, lakini pia niliamini. Sikuwa nimewahi kuona shule kwa ndani, na hicho kitabu ndicho kilikuwa ushahidi wangu wote. Tai sikuiamini, punda sikumwamini, kwa maana punda nilimjua. Ila habari ya mama kujificha niliichukua kama desturi ya shule. Mama hukuaga, kisha hutafuta mahali akajificha, akuangalie mpaka uzoee. Nilimuuliza Mama kama atanipeleka yeye mwenyewe, akasema, "Nitakuja, Nasimiyu. Siku hiyo siwezi kosa." Mwaka mpya ulipoingia akarudi Kitale na mkoba wake mdogo. Ahadi ni deni, nami nilikaa nikidai.

Asubuhi ya kwanza ya shule ilifika na Mama hakufika. Kukhu aliniogesha kwa maji ya vuguvugu, akanipaka mafuta mpaka miguu ikang'aa, akanishika mkono tukaondoka. Njiani nilikuwa nikigeuka nyuma kila mara. "Twende, mayi," aliniambia. Aliniita mayi, yaani mama, kwa sababu nilirithi jina la mama yake mzazi, na kwetu Wabukusu mtoto wa namna hiyo hupewa heshima ya aliyetangulia. Pale shuleni foleni ilikuwa ndefu. Mwalimu alikuwa akiwaambia watoto wapitishe mkono juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili, maana wengi wetu hatukuwa na vyeti vya kuzaliwa na sikio ndilo lililokuwa cheti. Nililishika langu bila shida. "Huyu ako tayari," mwalimu akasema. "Mama yake ako wapi?"

"Ako Kitale, kwa kazi," Kukhu akajibu. "Lakini mimi niko."

Kisha Kukhu naye akaenda, maana alikuwa na shamba la kutayarisha. Darasani watoto walilia kama ndama kweli. Nafula, aliyekalishwa dawati moja nami, alilia mpaka akatapika uji. Mimi sikutoa hata chozi. Dirisha letu halikuwa na kioo, na nje yake, baada ya ua wa michongoma, palianza shamba la miwa la jirani, miwa mirefu iliyokomaa na kusimama kama ukuta. Upepo ulipopita majani yaligawanyika kidogo, na mle ndani niliona, au nilidhani nimeona, kitu cha njano. Mama alikuwa na kitambaa cha kichwa cha njano. Nikatulia. Mwalimu alinisimamisha mbele ya wenzangu akasema, "Oneni Nasimiyu. Ati nyinyi mnalia na huyu hata hana mama hapa!" Nilimwonea huruma mwalimu kwa kutojua.

Muhula ule wote niliishi hivyo. Nilijifunza a, e, i, o, u jicho moja likiwa ubaoni na jingine kwenye miwa. Nikipata hesabu sawa, niliinua daftari kuelekea dirishani ili lionekane. Wakati wa mapumziko wenzangu walicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, nami nilikwenda peke yangu kando ya ua, nikakata kipande cha kiazi kitamu alichonifungia Kukhu na kukipenyeza upande wa pili. Siku iliyofuata hakikuwepo. Ni wazi kwamba Kabuchai ina panya, mbwa na siafu wa kutosha, lakini mimi nilijua nani amekula. Nafula aliniita mara nyingi kucheza kati, mwisho akachoka, akapata rafiki mwingine. Sikujali. Nani ana haja ya rafiki akiwa ameketi na mama yake? Hata hivyo nilikuwa mpweke, na nadhani mwili wangu ulijua mapema kuliko mimi, kwa sababu nilikonda mpaka Kukhu akaanza kunipa dawa ya minyoo.

Muhula ulipokaribia kwisha wakaja wakata miwa. Walifika na mapanga kabla hatujaingia darasani, na siku nzima tulisikia chwa, chwa, chwa, sauti ikisogea kutoka upande wa barabara kuja upande wetu. Trekta likaingia na tela lake. Shule nzima ilishangilia, maana trekta lenye miwa ni sikukuu: wavulana hulikimbilia na kuchomoa, na hakuna anayekosa kipande cha kutafuna. Mimi nilisimama kando ya ua nikingoja Mama atoke. Nilifikiri watamkuta, nao watashangaa, naye atacheka na kujipangusa majani, aje moja kwa moja kwangu. Ukuta ule ulipungua, ukabaki mstari, kisha mstari nao ukalala chini. Niliona barabara. Niliona nyumba za ng'ambo ambazo sikujua kama zipo, na kuku wa watu wakiparua. Basi. Hapo ndipo nilipolia kilio cha siku ya kwanza, muhula mzima nikiwa nimechelewa. Mwalimu alidhani nimekatwa na jani la muwa, akanitafuta jeraha mikononi asilione.

Jioni nilimweleza Kukhu. Alianza kucheka, kisha kicheko kikamkauka. Aliweka chini mwiko. "Mama yako hawezi kaa kwa miwa, mayi. Yeye ni mtu. Ako kwa kazi, ndiyo wewe ule." Alinivuta kifuani, na tulikaa hivyo mpaka ugali ukaungua. Hakumwambia Mama habari hizo, wala mimi sikumwambia.

Sasa ninaishi Kitale mimi mwenyewe. Januari hii mwanangu alianza shule, na madukani nilipata vitabu vya namna ile tele, vya Kiswahili, vya watoto wetu wanaovaa sare kinyume na kusahau viatu. Nilivinunua bila kufikiri mara mbili. Mwanangu alivipitia akacheka, akavitupa kitandani na kuomba katuni. Nilimpeleka mwenyewe mpaka mlangoni, nikiwa nimeomba ruhusa kazini. Mama alikuja kutoka Kabuchai kutusindikiza, na tulipokuwa tukirudi nilimuuliza kama mzaha, siku yangu ya kwanza alikuwa wapi.

"Siku hiyo? Si nilipeleka yule mtoto wa wenyewe shule," akasema. "Alishika sketi yangu, akakataa kuachilia. Mwalimu akaniambia nikae tu pale nje kwa fensi, akiniona hatalia. Nikakaa mpaka saa ya chai. Kila akiangalia dirishani, namwonyesha mkono."

Niliona wivu kama mtoto. Mtu mzima, na mtoto wangu shuleni.

"Nilikuwa najiambia, Nasimiyu wangu hawezi lia hivi," Mama akaendelea. "Na si ni kweli? Wewe hukulia?"

"Sikulia, Mama," nikamwambia, na alifurahi sana kusikia hivyo.