Kuku Aliyekaa Arobaini

Juzi, hapa kwangu Rahaleo, kuku wangu mweupe alinipa mgongo nikaona kitu chekundu kimetokeza chini ya mkia. Mkono wangu ulikwenda kwenye kopo la sukari kabla akili haijafika. Nilicheka peke yangu, kisha nikaingiwa na hofu, maana mimi ni mtu wa kuogopa kukosea hata kuchemsha maji.

Ngoja nikueleze sukari inahusikaje.

Nililelewa na bibi, karibu na mto Ruvuma unapoingia baharini, miaka ile watu walipohamishiwa kijiji cha ujamaa na nyumba zikapangwa mistari. Kuku wa kila nyumba walikutana kwenye uchochoro mmoja. Asubuhi moja, msimu wa korosho, nilimwona kuku wa bibi, mtagaji pekee tuliyebaki naye, amebeba bibo, lile tunda jekundu la mkorosho, nyuma. Nilidhani limemganda alipojilalia chini ya mkorosho. Nikainama nilichume.

“Acha!” bibi alipiga kelele. “Hilo si bibo, ni kizazi!”

Kumbe alikuwa ametaga yai kubwa kupita kiasi, na njia ya yai ikatoka nalo. Kuku wa majirani walikuwa na mawazo kama yangu. Walishaanza kumfuata wakimdonoa.

Babu alikuja na kisu. “Tumle kabla hajafa.”

“Huyu mzazi,” bibi akasema. “Mzazi hachinjwi.”

Alimwosha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Kisha akachota sukari ya babu, ile ya kupangia foleni duka la ushirika, akaipaka kwenye ile nyama.

“Mwenzangu,” babu alilalamika, “mimi nanywa chai kavu, kuku anakula sukari kwa nyuma?”

Sisi tulicheka, yeye hakucheka. Lakini uvimbe ulinywea taratibu mbele ya macho yetu, maji yakichuruzika. Bibi akajipaka mafuta ya nazi kidoleni, akairudisha ndani polepole, akaishikilia kwa kiganja mpaka kuku akatulia.

Akamweka chini ya tenga, akalifunika kwa kaniki. Giza, alisema, litamsahaulisha kutaga, na wenzake hawatamwona.

Jirani yetu alipita na ndoo kichwani. “Hodi! Mzazi kaamkaje? Mmemkorogea uji?”

“Nwache ntoto wa watu apumzike,” bibi alimjibu. “Yuko arobaini.”

Basi uchochoro mzima ukaja kumjulia hali. Mmoja alileta hata ubani wa kumfukizia mzazi.

Kuku alitoka pale mzima, akataga tena. Tangu hapo bibi alinikataza kumwagia kuku machicha ya nazi, eti mafuta yakijaa tumboni yai hukosa njia. Akanituma nikaokote makombe ya chaza pwani niyaponde, wachanganyiwe kwenye chakula ili maganda ya mayai yawe magumu. Niliyaponda mpaka yakawa unga laini; bibi akauliza kama napika ugali.

Juzi nilifuata kila kitu alichofanya bibi. Sukari siku hizi ipo, na hakuna wa kuilalamikia. Ila najiuliza: ilipokuwa adimu vile, nani wa kwanza alithubutu kumpaka kuku? Bibi alijua, nami sikumuuliza.

Kuku wangu yuko chini ya tenga, anapumua vizuri. Kila nikipita mlangoni nasimama kidogo, nasikiliza kama kuna mtu atapiga hodi aulize mzazi kaamkaje.