Kozi Kumi na Moja za Mnara

Mume wangu alipima vitu ambavyo mkono haufiki. Bango la ghorofa ya tisa, herufi za juu ya benki, dirisha la paa: alisimama barabarani, darubini shingoni, akahesabu matofali. Mtaa mzima ulimwita Darubini. Akina mama wa ghorofani walimpigia kelele, "We Darubini, unapima au unachungulia?" Naye hujibu, "Nguo zimeshakauka, anueni!"

Kazi yake ya mwisho ilikuwa kioo cha saa ya mnara. Daftarini aliandika: kozi 11, sentimita 240. Kioo kikaagizwa. Wiki mbili baadaye Mungu akamchukua usingizini, hata kuagana hatukuagana.

Kioo kilipofika, fundi mwenzake alikuja nyumbani, kofia mkononi.

"Shemeji, samahani, najua msiba bado mbichi. Lakini marehemu alikosea. Kozi ni mstari mmoja wa matofali, na tofali la mnara lina kimo cha sentimita ishirini, nimelipima la chini. Mara kumi na moja ni mia mbili na ishirini. Kesho nakipunguza kioo."

Roho iliniuma. Miaka ishirini na sita hakukosea, leo hayupo wa kujitetea ndiyo aitwe mkosaji? Niliingia jikoni kuchemsha chai, nikaomba, "Ee Mungu, usimwache mja wako aaibike." Nilipoinua macho nikaona ukuta wetu, ambao hatujaupiga lipu hadi leo. Hapo ndipo alipokuwa akinionyesha kazi yake, kidole kikipita kati ya tofali na tofali: "Usisahau hii, mama watoto."

"Shemeji!" nikaita. "Saruji umeihesabu?"

"Saruji gani?"

"Ya katikati! Umepima tofali likiwa uchi!"

Tukaenda mnarani na futi kamba. Kila kiungio sentimita mbili, viungio kumi. Ishirini kamili. Fundi akajishika kichwa. "Darubini kanisuta akiwa kaburini."

Jumamosi winchi ikakipandisha kioo. Nilisimama palepale aliposimama yeye, darubini yake machoni. Kioo kikaingia kama mfuniko kwenye sufuria yake. Nikashusha pumzi, nikamshukuru Mungu kwa sauti.

"Mama, unapima au unachungulia?" akauliza mtu ghorofani.

"Nachungulia!" nikajibu, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikacheka.